Mkataa Kwao na Aliyefungiwa Mlango

Ipo methali moja ambayo kila mwanafunzi aliyepita katika shule zetu amefundishwa, na pengine ameiandikia insha: Mkataa kwao ni mtumwa. Ni methali njema, wala hatuandiki makala haya ili kuipinga. Twaandika ili kupinga matumizi yake mabaya. Maana kila inaposikika kwamba mchezaji aliyezaliwa nchi moja amevaa fulana ya nchi nyingine na kusimama chini ya bendera yake, methali hii huchomolewa upesi kama fimbo iliyokuwa ikingoja nyuma ya mlango. Mchezaji huitwa msaliti. Husemwa kwamba ameuza damu yake. Na wasemao hayo aghalabu hawaulizi maswali mawili ambayo mtu wa haki hana budi kuyauliza kwanza. Je, ni kweli kwamba mtu huyu alikataa kwao? Na je, katika habari hii anayetaka kuwa bwana wa mwenziwe ni nani?

Sisi twashikilia kwamba taifa lina haki ya kudai heshima na shukrani kwa mchezaji lililemlea, lakini halina haki ya kummiliki. Tofauti ya mambo haya mawili si ndogo. Ndiyo tofauti iliyopo baina ya mzazi na tajiri wa watumwa. Ili tusiseme kwa maneno matupu, na tuchukue mfano wa mtu mmoja anayejulikana ulimwenguni kote na wapenzi wa mpira wa wavu.

Wilfredo León alizaliwa mwaka 1993 katika mji wa Santiago de Cuba, mashariki ya kisiwa cha Kuba. Mama yake mwenyewe alikuwa mchezaji wa wavu, na ndiye aliyemwonyesha mchezo huo tangu utotoni. Mwaka 2008, kabla hajatimiza umri wa miaka 15, kijana huyu alikuwa amekwisha kuingia katika timu ya taifa ya wakubwa na kucheza katika Ligi ya Dunia, akiruka wavuni mbele ya watu wazima wenye ndevu. Mwaka 2010 alikuwamo katika kikosi cha Kuba kilichofika fainali ya ubingwa wa dunia huko Italia na kutwaa medali ya fedha, baada ya kushindwa na Brazili. Alipokuwa na umri wa miaka 17 alikabidhiwa unahodha. Mtoto wa sekondari, kwa hesabu ya umri wetu, aliongoza taifa zima uwanjani.

Hapa wapinzani wetu hutamba na kusema: Mwaona! Nani aliyemfikisha hapo? Twakubali bila kusitasita kwamba hoja yao ina uzito. Kuba ni nchi ndogo isiyo na mali nyingi, lakini iliamua kwamba michezo ni sehemu ya elimu na sehemu ya utamaduni wa umma. Matunda yake yalionekana. Wanawake wa Kuba walitwaa medali ya dhahabu ya wavu katika Olimpiki tatu mfululizo, za mwaka 1992, 1996 na 2000, jambo ambalo nchi tajiri mara kumi hazikuliweza. Kijana anayepewa kocha, uwanja na masomo kwa jasho la wananchi, ana deni. Kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na anayebisha kwamba malezi yanastahili shukrani hatutasimama upande wake.

Lakini deni ni jambo moja na pingu ni jambo jingine. Katika miaka ile mchezaji wa Kuba hakuruhusiwa kwenda kufanya kazi ya mchezo wake katika vilabu vya nchi za nje kisha akarudi kuitumikia timu ya taifa. Alitakiwa achague: ama abaki na aache yote yaliyoko ng'ambo, ama aondoke na apoteze fulana ya nchi yake. Kumbuka kwamba maisha ya mchezaji ni mafupi. Mwalimu hufundisha hadi anastaafu na nywele nyeupe. Mshambuliaji wa wavu hutegemea magoti na bega, na afikapo miaka 35 wengi huwa wamekwisha kuhesabu siku zao. Kumwambia mtu wa namna hiyo angoje ni kumwambia aangalie mshumaa wake ukiwaka hadi mwisho.

Matokeo ya sheria hiyo yalikuwa nini? Kikosi kile cha mwaka 2010, ambacho kingeweza kuitawala dunia kwa miaka kumi, kilivunjika vipande vipande. Yoandy Leal aliondoka, na baadaye akawa raia wa Brazili na kuichezea nchi ile ile iliyomshinda kwenye fainali. Robertlandy Simón naye aliondoka. Miaka miwili tu baada ya medali ya fedha ya dunia, wanaume wa Kuba hawakufuzu kwenda Olimpiki ya London ya mwaka 2012. León mwenyewe aliomba kuondoka, akakaa zaidi ya mwaka bila timu, mpaka mwaka 2014 alipokwenda kucheza Kazan, Urusi.

Sasa na tuulize tena lile swali la kwanza. Ni nani aliyemkataa mwenziwe? Jibu zuri kuliko letu limetolewa na Kuba yenyewe. Mwaka 2013 serikali ya nchi hiyo ilitangaza kwamba wanamichezo wataruhusiwa kufanya mikataba na vilabu vya nje. Na ilipofika mwaka 2019 Simón alirudi na kuivaa tena fulana ya Kuba. Basi mlango ulipofunguliwa, mtoto wa nyumbani alirudi nyumbani. Kama angekuwa amekataa kwao, angerudi kufanya nini? Lakini kwa wengine ufunguo ulichelewa. Mtu aliyekwisha kujenga nyumba, kuoa na kulea watoto katika nchi nyingine hawezi kuambiwa abomoe yote kwa sababu mwenye mlango amebadili nia.

Nasi tulio watu wa pwani na bara hii tunapaswa kulitumia neno mtumwa kwa uangalifu kuliko watu wengine. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Si zamani sana. Wahenga waliotuachia methali yetu waliwajua watumwa kwa macho, si kwa vitabu. Walijua kwamba mtumwa ni mtu ambaye mwingine humwamulia mahali pa kukaa na kazi ya kufanya, na ambaye akiondoka hutafutwa kama mali iliyopotea. Walipotuonya tusikatae kwetu, walituonya tusijitie wenyewe katika hali hiyo kwa kudharau lugha yetu, jamaa zetu na mila zetu. Hawakumpa mkubwa yeyote ruhusa ya kumfungia mtoto wa watu ndani, kisha akiruka dirishani amwite mtumwa. Anayeitumia methali namna hiyo ameigeuza juu chini.

Sasa tumtazame mwenyeji. León alipata uraia wa Polandi mwaka 2015, nchi ya mke wake. Lakini sheria za shirikisho la dunia la mpira wa wavu hazimruhusu mtu kubadili timu ya taifa kama abadilivyo kanzu. Ilimlazimu angoje hadi Julai 2019. Miaka minne alikuwa raia asiyeweza kuiwakilisha nchi yake mpya, na miaka hiyo ilikuwa katika kilele cha nguvu zake, maana ndiyo miaka ambayo klabu yake ya Kazan ilikuwa ikitwaa ubingwa wa Ulaya mwaka hata mwaka, mara nne mfululizo hadi 2018. Mtu anayetafuta njia ya mkato hangoji hivyo.

Wako waliodai kwamba Polandi ilinunua ushindi. Madai hayo huanguka mara tu tukiangalia tarehe. Polandi ilikuwa bingwa wa dunia mwaka 2014, na tena mwaka 2018, bila ya León. Nchi hiyo ilikuwa imekwisha kulea vijana wake, kujaza viwanja vyake na kuufanya wavu kuwa mchezo wa wananchi. Kilichoisumbua ni Olimpiki. Tangu dhahabu ya Montreal ya mwaka 1976, mwaka ambao Kuba nayo ilipata shaba katika mashindano hayo hayo, wanaume wa Polandi hawakuwa wamepata tena medali. Kuanzia mwaka 2004 walitolewa kwenye robo fainali mara tano mfululizo.

Na mara ya tano, huko Tokyo mwaka 2021, León alikuwamo. Walishindwa na Ufaransa kwa seti tatu kwa mbili. Hili twalikazia, kwa sababu uraia wa kweli haupimwi siku ya ngoma. Hupimwa siku ya matanga. Nchi inayomwita mgeni mwenzetu akishinda, na kumwita mgeni akishindwa, haijampa uraia bali imemkodi. Polandi haikumtupa León. Aliumia goti, akakosa ubingwa wa dunia wa mwaka 2022 ambao wenzake walipata fedha, kisha akarudi. Mwaka 2023 wakawa mabingwa wa Ulaya. Mwaka 2024 mjini Paris walimshinda Mmarekani katika nusu fainali kwa seti tatu kwa mbili, seti ya mwisho ikiwa 15 kwa 13, na ingawa Ufaransa iliwazidi katika fainali, medali ya Olimpiki ilirudi Polandi baada ya miaka 48. Timu hiyo ilikuwa na kocha Mserbia, Nikola Grbić, na nahodha Mpolandi, Bartosz Kurek. Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. León alipewa jembe, akalima pamoja na wenye shamba, katika mvua na katika kiangazi. Atakayemwambia leo kwamba mavuno si yake, na aseme kwanza yeye mwenyewe amelima wapi.

Watu wa Polandi wana sababu ya kuelewa jambo hili, na sababu hiyo inatugusa sisi. Wakati wa vita kuu ya pili maelfu ya Wapolandi waliofukuzwa makwao na kupelekwa Siberia walipitia Uajemi na kufika Afrika ya Mashariki. Kuanzia mwaka 1942 watu wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto, waliishi Tengeru karibu na Arusha, na wengine walikaa Masindi na Koja huko Uganda. Walijenga nyumba za mviringo, walilima, walisoma, na waliokufa walizikwa hapo. Makaburi yao yapo hadi leo. Watoto wale walikula chakula kilichotoka katika ardhi ya Wameru. Je, walikuwa wameikataa Polandi? Hakuna mwenye akili atakayesema hivyo. Mtu anaweza kupata kwao kwa pili bila ya kulaani kwao kwa kwanza.

Hata hivyo hatutaki msomaji adhani kwamba sisi twasifu kila badiliko la bendera. Yako mabadiliko ambayo ni biashara tupu, na hapa tunao mfano wa jirani. Mwaka 2003 mkimbiaji Stephen Cherono wa Kenya alipata uraia wa Katari, akapewa jina la Saif Saaeed Shaheen, na muda mfupi tu baadaye, huko Paris, akatwaa ubingwa wa dunia wa mbio za mita 3,000 kuruka viunzi na maji, huku Wakenya wakimfuata nyuma. Mwaka uliofuata alivunja rekodi ya dunia, lakini hakukimbia katika Olimpiki ya Athens, kwa kuwa Kenya haikukubali. Wengine wengi walifuata njia hiyo, hadi shirikisho la riadha la dunia liliposimamisha mabadiliko yote mwezi Februari 2017, na mwaka 2018 likaweka sharti la kungoja miaka mitatu.

Je, huyu naye tumwite mtumwa? La. Lawama yetu yaelekea kwingine. Kijana wa mlimani anayeona nafasi ya kuwalisha wazazi wake hatumhukumu tukiwa tumeketi vivulini. Twailaumu nchi iwayo yote inayochukua miguu ya mtu na kuacha kichwa chake na moyo wake mpakani; inayompa pasi kabla hajaijua lugha, hajala chakula cha jirani, wala hajazika wala kuzikiwa na mtu yeyote katika mji wake mpya. Huko si kumfanya mtu mwananchi. Ni kukodisha misuli. Ndiyo maana twaunga mkono kungoja. Miaka ya kungoja humlinda mchezaji asiwe bidhaa, na humpa mwenyeji muda wa kuthibitisha kwamba anamtaka mtu mzima, siyo mkono wake wa kupigia mpira tu.

Huenda mtu akauliza: Basi nchi iliyolea ifanye nini? Ikae na kulia? Tumjibu kwa kumpeleka Iten, katika bonde la ufa la Kenya. Wilson Kipketer alisoma shule ya St Patrick's huko, akaenda Denmark mwaka 1990 kwa masomo, akakaa, na akaichezea nchi hiyo. Alikuwa bingwa wa dunia wa mita 800 mara tatu, mwaka 1995, 1997 na 1999, na mwaka 1997 akaweka rekodi ya dakika 1 na sekunde 41.11. Olimpiki ya Atlanta ya mwaka 1996 ilimpita kwa sababu uraia wake ulikuwa haujakamilika. Wengi walilia kwamba Kenya imeibiwa. Lakini pale Iten mwalimu hakulia. Mwalimu huyo ni Colm O'Connell, mtawa kutoka Ayalandi aliyefika mwaka 1976 kufundisha jiografia, akabaki na kugeuka mlezi wa wakimbiaji. Aliendelea kupanda. Mwaka 2010 kijana mwingine wa mikono yake, David Rudisha, aliivunja rekodi ya Kipketer na kuirudisha Kenya. Tuangalie vizuri jambo hili: Mkenya aliipa Denmark ubingwa, na Mwayalandi aliipa Kenya wakimbiaji. Nani kati yao alikataa kwao? Na nani hakulima?

Funzo ni dhahiri. Nchi yenye kitalu kizuri haifi kwa kuchukuliwa mche mmoja. Nchi isiyo na kitalu ndiyo inayokesha ikilinda mti wake mmoja kwa bunduki. Hasira dhidi ya mchezaji aliyeondoka mara nyingi ni pazia la kuficha aibu: uwanja uliokuwa wa shule sasa una maduka, nyavu zimechakaa na hazikununuliwa nyingine, kipindi cha michezo kimeliwa na masomo ya mitihani, na wanafunzi hucheza kwa dhati wiki chache tu kabla ya UMISSETA, kisha mpira hufungiwa stoo mpaka mwaka mwingine. Kijana mrefu mwenye mkono mzito hupita katika mikono yetu bila ya kuonwa. Kisha siku moja tukisikia ameitwa na wengine, ndipo tunapokumbuka kwamba alikuwa mtoto wetu.

Kwa Tanzania jambo hili lina uchungu wa pekee. Kenya iliruhusu uraia wa nchi mbili katika Katiba yake ya mwaka 2010, lakini sheria za Tanzania hazimruhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili. Maana yake ni kwamba Mtanzania atakayeichezea nchi nyingine hana budi kuuacha uraia wake wa kuzaliwa. Sheria hutungwa na wananchi kwa kupitia wawakilishi wao, na hapa si mahali pa kuihukumu. Twasema hivi tu: pale ambapo bei ya kuondoka ni kubwa kiasi hicho, anayeilipa hastahili matusi juu ya bei hiyo. Anastahili kuulizwa kwa upole ni kitu gani alichokosa kwetu, na jibu lake liandikwe na kusomwa na wale wenye dhamana ya michezo.

Kwa hiyo, walimu na wanafunzi wanaosoma makala haya, tunawaomba mambo matatu. La kwanza, methali hii iendelee kufundishwa, lakini ifundishwe nzima, pamoja na habari ya mtumwa alikuwa nani na nani alimfunga. La pili, tusimwite mtu msaliti kabla ya kuuliza ni mlango gani uliofungwa, na ulifungwa na nani. La tatu, ambalo ndilo kubwa, tuusimamishe wavu. Nguzo mbili za mti, kamba, chokaa ya kuchorea mistari na mpira mmoja havizidi uwezo wa shule yoyote iliyoamua. Mtoto atakayelelewa vizuri kwenye uwanja huo huenda akabaki, huenda akaenda mbali na kurudi, na huenda akaenda moja kwa moja. Katika hali zote tatu atajua kwao ni wapi, kwa sababu kwao walimlea bila ya kumfunga.